Niacheni Nitembee kwa Pumzi Yangu

Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka jana nilisimama nyuma ya Uwanja wa Ilulu, hapa Lindi, mkono mmoja nimeegemea ukuta, mwingine kifuani, nikidhani roho inatoka. Kundi la jogingi nililotoka nalo lilishapotea kona, filimbi zao nazisikia kwa mbali. Kijana mmoja alirudi kunitazama. Alinipa maji, akanisubiri, kisha akasema neno lililonikaa moyoni wiki nzima: "Mama, ungepunguza kwanza mwili nyumbani, halafu ndo uje kukimbia na watu."

Najua alisema kwa nia njema. Ila kwa ushauri ule niliacha mazoezi wiki saba, na najua wanawake wengi wa mji huu ambao wameacha moja kwa moja kwa maneno kama yale. Ndiyo maana nimeona nimjibu, yeye na wengine wanaofikiri kama yeye.

Nina miaka 42, urefu sentimita 161, na siku ile nilikuwa na kilo 97. Kazi yangu ni cherehani. Naketi saa mbili asubuhi, naondoka kitini magharibi, na msimu wa korosho hela zinapoingia na sare za harusi zikapangana, hata kuinuka kunywa maji naona ni kupoteza muda. Nyumbani kwangu ni Mtanda, juu, kwa hiyo kila siku kuna mpando unaonisubiri. Kwa miaka niliupanda kwa bodaboda.

Mtu ambaye hajawahi kubeba mwili mkubwa hajui kutweta kwetu kulivyo. Kunakuja mapema, hatua ya mia hivi, kabla miguu haijachoka. Kifua kinakuwa kama kimefungwa kanga na mtu anaikaza. Unavuta hewa, inaishia kooni. Hapo woga unaingia, na woga wenyewe unaongeza kuhema, mpaka hujui kipi ni pumzi na kipi ni hofu. Halafu watu wanakutazama.

Nimekuja kuelewa baadaye kinachotokea. Mwili mzito unafanya kazi kubwa zaidi kwa hatua ileile. Mapaja yanayosukuma kilo 97 yanadai oksijeni ya kusukumia kilo 97. Wakati huohuo mafuta ya tumboni yanakisukuma juu kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, ambao ndio unaposhuka mapafu yanajaa. Mafuta ya kifuani nayo yanazielemea mbavu. Basi unavuta pumzi fupifupi, nyingi, na misuli ya kupumulia inakula sehemu ya hewa unayoihangaikia. Miguu isiyozoea kazi inachoka haraka, inamwaga tindikali kwenye damu, na ubongo unaamuru uheme zaidi ili hewa ya ukaa itoke. Mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa na hayo yote yakatokea.

Sasa katika hayo, kipi kinabadilika kwanza mtu akianza kutembea? Kilo zinakwenda polepole sana. Moyo na misuli hujifunza upesi zaidi: ndani ya wiki chache misuli inatumia oksijeni vizuri kuliko mwanzo, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mimi baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepungua kilo 4 tu, na nguo zangu nilizozishona mwenyewe hazikuonyesha tofauti kubwa. Lakini pumzi ilikuwa ya mtu mwingine. Kumwambia mtu apungue kwanza ndipo aje mazoezini ni kumwambia asubiri kitu cha mwisho kifike kabla hajaanza cha kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo kijana yule asingeweza kulijua, nami nalieleza kwa uchungu kidogo. Kwa miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nikienda zahanati moja nikilalamika kuishiwa pumzi, hata nikiwa nafagia. Kila safari jibu lilikuwa lilelile: punguza mwili. Sikupimwa chochote zaidi ya presha. Nikaamini. Mtu mnene akisema anahema, unene unakuwa jibu la kila swali.

Wifi yangu ni nesi, anafanya kazi Mtwara. Alikuja kwetu kwenye msiba, akaniona nimekaa kwenye jamvi nimeegemea mto, natweta baada ya kutoka tu kisimani.

"Wifi, umewahi kupimwa wingi wa damu?"

"Damu ya nini? Mimi ni mnene tu."

"Hedhi yako ikoje?"

Nikamweleza. Siku saba, wakati mwingine nane, na usiku nalala juu ya kanga mbili. Hakunibishia. Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali ya mkoa. Damu yangu ilikuwa 8.6, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Ndiyo kusema chombo kinachobeba oksijeni kutoka mapafuni kilikuwa pungufu, na mimi nilikuwa nawalaumu mapaja na tumbo peke yao. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, nikaambiwa nisivimeze pamoja na chai kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini, na nikapimwa uvimbe wa kizazi. Nilipokuwa na vidonge vile kwa miezi miwili, sehemu ya kutweta kwangu iliondoka bila hata gramu moja kupungua.

Kwa hiyo naomba sana: mwenye mwili mkubwa anayeishiwa pumzi apimwe. Presha, sukari, wingi wa damu. Na kuna kuhema ambako hakungoji wiki ijayo. Ukihema umekaa tu, au ukilala chali pumzi inakata mpaka uinuke, au miguu imevimba, au kifua kinabana kwa maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, au unaona kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hayo si mambo ya kuvumilia wala ya kukaza mwendo. Simama, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama unakohoa na kifua kinapiga mluzi hata baada ya kusimama, huenda ni pumu, nayo ina dawa zake.

Kama umepimwa na umeruhusiwa, basi tatizo linalobaki kwa wengi wetu ni moja: tunaanza kwa mwendo wa watu wengine.

Mimi niliporudi, sikurudi kwenye kundi. Nilianza peke yangu baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana joto la pwani yetu na unyevu wake vinamtwetesha hata mwembamba. Nilishuka mpaka barabara ya ufukweni ambako ni tambarare, upande wa kivuko cha Kitunda. Nilitembea nguzo nne za umeme mwendo wangu, kisha nguzo mbili mwendo wa pole kabisa, kisha nne tena. Dakika kumi na mbili, nikamaliza. Kupanda Mtanda nilirudi na bajaji, na nilifanya hivyo wiki tatu. Mpando ni zoezi jingine kabisa; asiambiwe mtu aanze nalo kwa sababu tu nyumba yake iko juu.

Kipimo changu cha mwendo kilikuwa nyiradi. Natembea huku navuta uradi kwa sauti ndogo. Nikiweza kumaliza sentensi yote kwa pumzi moja, mwendo ni sawa. Nikilazimika kuikata katikati, napunguza hatua palepale, bila kusimama, mpaka maneno yarudi. Wifi yangu aliponisikia akasema hospitali wanafundisha jambo hilohilo: mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Asiyetaka uradi atembee na shoga yake wapige soga. Soga zikikatika, mwendo umezidi.

Pumzi ikikata kweli, ninafanya hivi. Nainama kidogo mbele, mikono nimeiweka magotini au kwenye ukuta, mabega nimeyaachia. Navuta kwa pua, kisha natoa kwa mdomo nikiwa nimeubana, taratibu, kama ninayepooza uji wa moto, nikihakikisha kutoa kunachukua muda mrefu kuliko kuvuta. Mara tano au sita hivi. Halafu naangalia saa. Wiki ya kwanza nilihitaji dakika nne nzima ndipo niongee sawasawa. Wiki ya sita ilikuwa dakika moja na kitu. Hicho ndicho kilichonifanya nisiache, kwa sababu mzani ulikuwa haujasema lolote.

Ile mikanda ya kubana tumbo inayouzwa sokoni, naomba tuiweke kando. Nimewashonea wateja nguo za kuvalia juu ya mikanda ile na nimewaona wakihema wakiwa wamesimama tu kupimwa kiuno. Kiwambo kinahitaji nafasi ya kushuka; wewe umekifungia mlango, halafu unakwenda kukimbia. Jasho linalotoka ni maji, ukinywa glasi mbili yamerudi. Vaa dera pana na suruali nyepesi ndani, na sidiria inayoshika bila kukaba mbavu. Kwa hili nazungumza kama fundi.

Narudi kwa makundi ya jogingi. Nayapenda, nasema kwa moyo wote. Tangu mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, tulipohimizwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, nimeona vijana wengi wakijiunga. Lakini makundi mengi yanakwenda kama mchakamchaka wa shule: mwendo ni mmoja, aliyebaki nyuma anapigiwa kelele za "kaza, mama, kaza!" Anayepigiwa kelele hizo anakaza kweli, siku moja. Siku ya pili haji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini linasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa, na lile sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo limeondolewa. Nguzo zangu nne zinahesabika. Zihesabuni na nyinyi.

Ninachoomba viongozi wa makundi ni kitu kidogo. Wekeni mstari wa watembeaji. Waondoke dakika ishirini kabla ya wakimbiaji, wawe na kiongozi wao anayejua kutembea pole, na mfike wote mahali pamoja. Sisi wanawake sita tumeshaanza wenyewe: Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kutoka Ilulu kwenda ufukweni. Yule kijana alitukuta mwezi uliopita, akatembea nasi mpaka kivukoni, akaniuliza mbona siku hizi naongea njia nzima.

Mpando wa Mtanda sasa naupanda kwa miguu. Bado nasimama mara mbili, ya kwanza kwenye kivuli cha mwembe, nainama, napooza uji wangu, kisha naendelea.