Mashine ya uongo isingemnasa Hanssen

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba Robert Hanssen, ofisa wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani) aliyeiuzia Moscow siri, angenaswa mapema laiti FBI ingemkalisha kwenye mashine ya kupima uongo; hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Ni kweli hakupimwa hata mara moja katika miaka yake 25 ya kazi, tangu 1976 hadi alipokamatwa Februari 2001. Lakini mwandishi huyo amemsahau Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani: huyo alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, wakati tayari anaiuzia Moscow siri, na mara zote mbili akapita! Mashine ile haisomi nia ya mtu. Inapima pumzi, jasho la vidole, mapigo ya moyo na presha, basi. Mwongo mkavu wa macho anatulia tuli, mkweli mwenye hofu anatokwa jasho, na huyo wa pili ndiye anayeweza kukosa ajira. Hanssen alinaswa kwa faili lililonunuliwa kutoka kwa Mrusi, lenye kanda ya sauti yake na mfuko wa plastiki wenye alama za vidole vyake. Huo ndio upelelezi. Wasomaji wenzangu, mngekubali kazi yenu iamuliwe na presha iliyopanda siku moja?