Familia inaenda Dakar kwa Injili: wito iko, sasa beseni nani atalibeba?

Jumapili mbili zilizopita, kanisa moja ya pale Kadutu, hapa Bukavu, walisimamisha mbele familia moja: papa infirmiye (muuguzi), mama mwalimu wa primeri, watoto wanne, mkubwa binti wa miaka 17. Mchungaji akatangaza kwamba mwezi wa tisa wanaenda Senegal, Dakar, si kutembea, ni misioni, familia nzima, miaka minne. Vigelegele, machozi, korale ikarudilia wimbo mara mbili na wamama wakaanza hapo hapo kubishana rangi ya kitenge cha kuagana. Lakini kufika tu kwenye ngazi, watu bado wanaita pikipiki za kurudi nyumbani, ubishi ukaanza, na mpaka leo haujaisha, uko kwenye vikundi vya simu, uko kwenye mkesha, juzi nimeusikia hata soko la Nyawera kwa muuza sambaza, wale samaki wadogo.

Nawajua hawa watu, njo maana naandika, na njo maana sitaji jina.

Tuanze na wanaopinga, sababu wako wengi na hawasemi upumbavu. Mzee mmoja alisema hivi: "Kwetu nyumba inaungua, na wewe unachukua ndoo unaenda kuzima moto kwa jirani?" Kweli, angalia mji. Februari 2025 ndege ziliacha kushuka Kavumu, mabenki yalifunga milango, kila familia iko na yatima wake wa kulisha. Infirmiye mzuri anaondoka wakati gani, sasa? Halafu akaongeza kitu ambacho kilininyamazisha: kama shida ni Waislamu hawajasikia Injili, mbona tusiende Kasongo? Maniema iko hapa tu, Waislamu wako pale tangu wakati wa Waarabu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wanaongea Kiswahili kama sisi, hakuna viza, hakuna kujifunza Wolof, luga ya Senegal. Sijasikia jibu nzuri ya hilo swali. Wengine walijibu "wito ni wito", lakini hiyo si jibu, hiyo ni kufunga mlango.

Na Wakatoliki wa avenyu yetu nao wakaingia (hii ubishi haina kartie wala dini) wakakumbusha Askofu Munzihirwa. Mwaka 1996 vita inaingia, wakubwa wa mji wamekimbia, yeye alibaki na watu wake, na tarehe 29 Oktoba wakamuulia hapa hapa Bukavu. Kwa mtu wa Bukavu, "mtumishi" maana yake mingi inatoka pale: yule aliyebaki. Anayeondoka, hata na Biblia mkononi, tunamwangalia kwanza miguu.

Sasa upande mwingine. Wapentekoste wa kutoka Norway walifika Kaziba 1922. Tunapenda kusema "wale walikuwa wazungu, walikuwa na makuta", lakini fikiri kidogo: mafuta ya Norway yalionekana 1969. Wale wa 1922 walitoka kwa watu wa samaki na mbao, makanisa madogo ya wamama wanaofuma soksi kwenye baridi na kuuza ili mtu mmoja abaki kule milimani kwa watu wa Kaziba. Kwao pia kulikuwa na yatima. Wangengoja kwao kunyooke kwanza, Kaziba ingengoja mpaka lini? Waswidi nao walikuwa wamekwisha ingia mwaka mmoja mbele, 1921, upande wa Uvira, na kutoka mti huo njo leo tuna CEPAC, jumuiya yetu ya makanisa ya Kipentekoste, na hospitali ya Panzi iliyofunguliwa 1999 ni tunda yake. Kwa hiyo yule anayesema misioni ni kazi ya matajiri, historia ya kwetu yenyewe inamkatalia. Miaka mia tumekuwa tunapokea. Siku moja mtu lazima atume, na sioni kwa nini isiwe fundi wa sindano kutoka Kadutu.

Kuna maneno ya tatu yanasemwa kwa sauti ya chini: Dakar ni mlango tu, kutoka pale watu wanapanda mitumbwi kwenda visiwa vya Canarias, huyu papa anatafuta Ulaya. Hapo nitasema wazi, naona ni wivu. Mitumbwi iko, na watu wanakufa kwenye ile bahari, hiyo si uongo. Lakini mtu anayetafuta Ulaya hachukui bibi, watoto wanne, na kitabu cha kujifunza Wolof anachokisoma usiku kwa taa ya simu, niliona mwenyewe, ameandika maneno kwa kalamu nyekundu pembeni, na mtoto wa mwisho anamsahihisha.

Senegal yenyewe si ile watu wanafikiri. Waislamu ni zaidi ya 90 kwa kila watu 100, ndiyo, lakini rais wao wa kwanza, Senghor, alikuwa Mkatoliki na akaongoza kutoka 1960 mpaka 1980. Si inchi ambapo utafungwa sababu ya msalaba shingoni. Shida itakuwa ya kawaida zaidi: Kifaransa chetu kitasaidia kwenye biro, sokoni ni Wolof, na diploma ya infirmiye wa Kongo lazima ikubaliwe kule kwanza kabla hajashika sindano. Kama haijakubaliwa, mwanaume wa miaka 44 atakaa nyumbani anangoja makuta kutoka Bukavu.

Na hapa njo naona wote wawili, wanaopinga na wanaoshangilia, wanapiga kelele kando ya kitu chenyewe. Wanabishana kama Mungu ameita ao hajaita. Mimi siwezi kupima hiyo, na wewe huwezi. Kitu kinachopimika ni beseni. Beseni ya bluu ya sadaka, ile inapitishwaka Jumapili. Walifanya ahadi, kila mtu akaandika kikaratasi, ikafika dola 430 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wa majaribio iliingia 260. Wa pili 140, na kati ya hiyo 140 kulikuwa noti ya dola 20 iliyopasuka ambayo hata kule Kamembe, Rwanda, waliikataa. Maana kwa sababu ya benki, mshika hazina anavuka Ruzizi na makuta kwenye soksi, anatuma kutoka ngambo, na kila kuvuka kunakula kidogo. Hao watu bado wako Bukavu, tunawaona kila Jumapili, na ahadi tayari imeanguka hivyo. Wakikuwa Dakar, hatuwaoni, itakuwa namna gani?

Nasema hivyo sababu nilikwisha ona. Miaka imepita, kanisa moja (sio hii) ilituma familia ya rafiki yangu inchi ya mbali, na wimbo, na kitenge, na maombi ya kuwekea mikono kama pale Antiokia. Miezi kumi na moja tu mshika hazina akaanza kutopokea simu zao. Walirudi kwa basi, na valizi zile zile, mtoto mmoja anaongea luga ambayo koko (nyanya) yake hasikii. Hakuna mtu kanisani aliyesimama kuomba samahani, walisema tu "Mungu alifunga mlango". Ilinikasirisha wakati ule na bado.

Kuna koko pia. Mama mzaa papa anaishi nao, ako na tansyon (presha ya damu), dawa yake ni ya kila siku. Mpango ni abaki kwa dada kule Bagira. Wanaopinga wamemrushia papa lile andiko la mtu asiyetunza wa nyumbani mwake, na kwa kweli linachoma. Lakini koko mwenyewe, nilimuuliza, akacheka: "Mimi nilizaliwa kwa mikono ya mzungu wa misioni, sasa nikataze mwanangu?" Basi hapo waliotetea koko wamekuwa wakali kuliko koko.

Kitu ninachokiona kizito kabisa ni yule binti. Anaingia finalisti, biokimi, mwaka kesho ni Egzameni deta, mtihani wa mwisho wa sekondari. Akiondoka mwezi wa tisa, kule kuna bac yao, mtihani wao wa mwisho, na programu yao, anaingia mwaka wa mwisho kati ya watoto walioitayarisha tangu zamani. Wadogo watazoea, hata Wolof watajua mbele ya wazazi. Yeye anaweza kupoteza miaka miwili. Na hakuna aliyemuuliza pale mbele, alisimama anashika mkono wa mdogo wake, anaangalia viatu.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kwenda, lakini si mwezi wa tisa. Papa aende kwanza peke yake miezi michache, ajue diploma inakubaliwa ao hapana, binti amalize Egzameni deta, na kanisa iweke makuta ya miezi sita fasi moja kabla mtu hajakata tiketi. Nilisema hivyo kwenye mkutano wa juzi pale kwenye parseli ya mchungaji. Mmoja akaniambia nina imani ndogo. Inawezekana.

Mama njo aliongea mwisho. Alikuwa anamenya mihogo muda wote, watu walidhani hasikilizi. Akafuta kisu kwenye kitenge akauliza: "Mwezi wa pili, mvua, masomo hayajalipwa, sambaza imepanda. Nani kati yenu atakumbuka kutia ile dola kumi?" Mshika hazina akafungua kadaftari kake, akageuza ukurasa, akageuza tena. Mtu akasema tuombe.