Nimezirudia albamu za Genesis

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema kwamba roki ya miaka ya 1970 yenye nyimbo ndefu imepitwa na wakati, nami kwa heshima sikubaliani naye. Mwezi uliopita, nikiwa nyumbani hapa Moshi, nilizisikiliza upya albamu za Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, ambazo kaka yangu alikuwa nazo kwenye kaseti, na katika Foxtrot ya 1972 nikakutana tena na ule wimbo wa takriban dakika 23, ambao ujanani nilizoea kuupeleka mbele kwa kukosa subira. Sasa nasikia jinsi kinanda cha Tony Banks kinavyoziunganisha sehemu zake, hadi sauti ya mwimbaji wao, Peter Gabriel, inapopanda mwishoni. Hata albamu ya 1976, ya kwanza baada ya Gabriel kuondoka, ambayo tuliidharau, mpiga ngoma wao Phil Collins, aliyechukua nafasi ya uimbaji, aliiimba kwa ustadi mkubwa.