Shimo Lililoitaka Kofia ya Ami

Ikifika Julai na Agosti, mtu wa Muscat ana safari moja tu kichwani: Salalah. Kwake joto limeshapita nyuzi 40, huko Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman lenye huo mji wa Salalah, manyunyu yanashuka, milima ya kijani, ngamia wamejilalia barabarani kama waliolipia kodi. Wao msimu huo wanauita khareef. Sisi wa Unguja upepo wake tunaujua, ndio kusi yule yule aliyekuwa akirudisha majahazi Arabuni. Basi Ami akawasha gari, kilomita kama 1,000 za jangwa, Shangazi mbele, mimi nyuma na machupa ya chai.

Salalah kwenyewe sina la kusema, tulikula madafu. Kisa kiko Mughsayl, kiasi cha kilomita 40 magharibi yake, jabali linapoinama juu ya bahari. Chini, maji yamelila jiwe kwa ndani mpaka likatoboka juu. Matundu yenyewe yamefunikwa wavu wa chuma. Wimbi likiingia chini, kwanza shimo linakoroma, halafu linatema upepo, halafu ndiyo maji yanaruka juu.

Shangazi alisoma kila kibao. "Hakuna kuvuka uzio! Mwaka 2022 wimbi lilichukua watu hapa hapa, wengine wakafa." Hilo halina mzaha, uzio hatukuuvuka. Lakini Ami akaenda kusimama pembeni ya wavu, mikono nyuma.

"Mimi mtoto wa Mkunazini. Bahari utanifundisha wewe?"

Shimo likakoroma.

"Hilo linatisha watoto," akasema Ami, na upepo ukatoka. Kanzu ikapanda. Kulikuwa na akina mama pale, kwa hiyo Ami akaishika kanzu kwa mikono miwili, na mimi nasema alifanya la heshima. Ila mkono wa tatu hakuwa nao, na kofia ikaondoka. Kofia ya viua, ya kushonwa kwa mkono, aliyoolea! Ikaelea hewani, ikageuka, ikatua katikati ya wavu. Wimbi likarudi nyuma, shimo likavuta pumzi, kofia ikagandama pale pale, inabonyea.

"Kijana! Kofia!"

Kijana mwenyewe mimi, nina watoto watatu. Kwa Ami mtu hakui.

Shangazi akajipa kazi ya kuyasoma mawimbi. "Bado... bado... subiri... sasa!" Nikachomoka. Hiyo "sasa" yake ilikuwa ya wimbi lililokwisha pita. Nimeinama, vidole vimegusa ukingo wa kofia, naona kutu kwenye chuma na giza chini yake, nikasikia mkoromo chini ya kidevu changu. Giza likawa jeupe.

Maji yaliingia puani, yakatokea mikononi mwa kanzu. Miwani ilikwenda ilikokwenda. Kofia ilinipiga usoni ikanasa, nikawa narudi kinyumenyume, sioni, huku Ami akipiga kelele, "Usiifinye! Usiifinye!"

Nilipoivua, nikamwona mzee mmoja wa Kimanga, dishidasha safi, kilemba kizuri, simu mkononi, anarekodi huku machozi yanamtoka kwa kicheko. Nikamgeukia Shangazi, kwa Kiswahili changu cha kujificha: "Mtazame yule, anacheka mpaka magego yanaonekana. Laiti lingemrukia yeye!"

Mzee akamaliza kurekodi kwanza. Akaja, akanipa leso.

"Pole, mwanangu," akasema, Kiswahili cha Malindi ya Unguja hasa. "Mimi lilinirukia jana."

Shangazi hakunisaidia kuona haya. Alikaa naye wakachambua koo mpaka akatokea kuwa shemeji yetu kwa upande wa Wete, akapewa namba, akatuma video. Mimi nilirudishwa Salalah nimekalia mfuko wa taka, Ami hataki viti vyake vilowe. Video ilifika Unguja kabla kanzu haijakauka. Wa kwanza kujibu alikuwa mama yangu mzazi, aliyenibeba miezi tisa:

"Kofia imesalimika?"