Septiki au bomba kuu: nani ajiunge, nani asubiri

Bomba kuu la maji taka likifika mtaani, wengi wenye septiki, tangi la uani linalotuliza tope na kupeleka maji kwenye shimo la kunyonya ardhini, huuliza kwanza gharama ya kujiunga. Ni swali halali, ila yapo mawili yanayopaswa kulitangulia. Choo chako kiko juu kiasi gani kuliko bomba hilo? Na ardhi yako bado inanyonya? Ukiyajibu hayo kwa vipimo, uamuzi huwa umeshajitokeza wenyewe, na mara nyingi haufanani na wa jirani aliye mita hamsini chini ya mteremko.

Kampala ni vilima na mabonde, na mtandao wa maji taka wa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC, unafikia sehemu ndogo tu ya jiji. Walio wengi wanategemea septiki au choo cha shimo. Mitambo mikubwa ya kusafisha ni miwili: wa Bugolobi, uliojengwa upya kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, na wa Lubigi, uliofunguliwa 2014, uliosanifiwa kupokea kwa siku mita za ujazo 5,000 kutoka kwenye mabomba na 400 za tope linaloletwa na magari ya kunyonya. Kwa hiyo tope la mwenye septiki, gari likilifikisha linakotakiwa, huishia mahali pale pale lilipo la mwenye bomba. Maji yake ndiyo yanayobaki uani kwake.

Hapo ndipo hoja ya mazingira, inayopigiwa debe kuliko zote, inapohitaji kuchujwa. Mfereji wa Nakivubo humwaga kwenye Ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji. Kuchafuka kwake ni sababu mojawapo iliyolipeleka shirika Katosi, Mukono, kujenga mtambo mwingine wa maji. Lakini si kila septiki ina hatia sawa. Iliyo juu ya kilima, yenye angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kati ya tako la shimo la kunyonya na maji ya ardhini, huchuja maji yake vizuri. Iliyochimbwa Bwaise, mtaa wa bondeni, au kandokando ya Nakivubo, ambako msimu wa mvua unachimba kidogo tu unakuta maji, haichuji kitu. Hiyo ni choo cha shimo kilichopigwa plasta. Mwenye nyumba wa bondeni ana sababu ya mazingira ya kujiunga. Wa kilimani ana hiari.

Tuje kwenye pesa, ambako wanaosifu bomba huwa wepesi wa kuahidi. Maji taka hayana mita yake. Malipo hukokotolewa kutokana na maji safi uliyotumia: kwa nyumba ya kuishi ni asilimia 75 ya gharama ya maji hayo, kwa biashara ni asilimia 100. Chukua familia ya watu watano inayolipa maji ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Maji taka yataongeza 37,500. Kwa miaka mitatu hiyo ni 1,350,000, na ukiweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inafika 1,593,000. Tena maji ya kumwagilia bustani na kuosha gari, ambayo hayapiti chooni, nayo yanahesabiwa.

Upande wa pili, mtu mmoja hujaza takriban lita 40 za tope kwa mwaka ndani ya septiki. Watu watano kwa miaka mitatu ni lita 600. Gari moja la kunyonya linatosha kuondoa hilo pamoja na maji yote yaliyo juu yake, kwa bei ambayo haikaribii milioni na nusu. Kwa familia ndogo yenye septiki nzima na udongo mzuri, hesabu ya fedha tupu inaipendelea septiki, na anayesema vinginevyo hajashika kikokotoo.

Sasa hamia kwenye mizigo, zile nyumba za vyumba mfululizo za kupangisha. Vyumba kumi, watu arobaini, kila mmoja akimwaga lita 80 kwa siku: lita 3,200 kila siku. Tangi la kuwafaa linahitaji nafasi ya maji ya siku nzima, lita 3,200, na ya tope la miaka mitatu, lita 4,800. Jumla lita 8,000, bila kuhesabu nafasi ya hewa juu. Matangi mengi ya mizigo hayafiki nusu ya hapo, kwa sababu yalichimbwa wakati uwanja una nyumba moja ya familia, kisha vyumba vikaongezwa na tangi likabaki lile lile. Maji yanapita haraka kuliko tope linavyoweza kutua, tope linakwenda na maji hadi kwenye shimo la kunyonya, linaziba matundu ya udongo, na kuanzia hapo mwenye nyumba anakuwa mteja wa kudumu wa gari. Kwake bomba kuu ni nafuu hata likitozwa asilimia mia.

Unajuaje kama umefika huko? Mwite wa gari akunyonyee tangi lote, kisha lifunike na uhesabu siku. Tangi la lita 5,000 linalopokea lita 400 kwa siku linapaswa kuchukua siku kumi na mbili hivi kufika usawa wa bomba la kutokea. Hapo ndipo maji huanza kwenda kwenye shimo la kunyonya, na usawa hukaa palepale. Ukikuta maji yamevuka bomba hilo na kupanda hadi karibu na mfuniko, tangi halina kosa; ardhi ndiyo imekataa. Na kama gari linaponyonya unasikia maji yakirudi tangini kutoka upande wa shimo la kunyonya, huhitaji kusubiri hizo siku.

Baadhi ya mafundi watakushauri uchimbe shimo lingine la kunyonya badala ya kujiunga. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, ila upimwe kabla ya jembe. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho maji yatanyonywa, kijaze, kiache usiku kucha udongo ulowe. Asubuhi jaza tena na upime muda ambao maji yanashuka milimita 25. Dakika kumi au kumi na tano ni udongo mzuri. Ikizidi saa nzima, shimo jipya litakufa kama la zamani, na pesa hiyo ni bora iende kwenye mtaro wa kuelekea barabarani. Jaribio hili lifanywe wakati wa mvua za Aprili au Novemba. La Januari huwa linadanganya.

Kimo ndicho kinachowaangusha wengi baada ya kuwa wameshanunua mabomba. Maji taka ya nyumbani hutiririka kwa mteremko tu. Bomba la milimita 110 lilazwe kwa moja kwa arobaini, yaani sentimita mbili na nusu kwa kila mita. La milimita 160 hukubali moja kwa sitini. Chukua nyumba ambayo bomba lake linatoka ukutani likiwa na kina cha sentimita 45, na chemba ya shirika, yaani shimo la ukaguzi lenye mfuniko, iko mita 40 mbele. Kwa bomba la 110 unahitaji kushuka mita moja kamili. Kwa la 160, sentimita 67. Uwanja ukiwa tambarare, bomba litafika kwenye chemba likiwa na kina cha mita 1.45 au 1.12, na huko linapaswa kuingia juu ya mkondo wa bomba kuu, lisiingie chini yake. Kama bomba kuu lina kina cha mita moja tu, au kama barabara iko juu ya uwanja wako, jambo ambalo ni la kawaida kwa nyumba za upande wa chini wa barabara za vilimani, basi mteremko haupo. Kilichobaki ni kupita kwa jirani wa chini kwa makubaliano ya maandishi, au kuweka pampu. Pampu ya maji machafu mahali umeme unapokatika ni ndoa ya shida. Ukilazimika, jenga tangi la kuipokea lenye nafasi ya siku nzima.

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani, wa mita ishirini, watu wawili na tepu, vinatosha kuhamisha usawa kutoka mlango wa bafu hadi mfuniko wa chemba. Fanya hivyo kabla ya kupeleka maombi kwenye ofisi ya tawi la shirika. Wapimaji wao watakuja na vipimo vyao, na utaelewa wanachokuambia.

Mpira ule ule utakupa jibu la hatari ambayo wenye septiki hawaijui: maji taka ya mtaa kurudi ndani ya nyumba. Mvua kubwa inapoingia kwenye chemba zilizoibiwa mifuniko, au bomba kuu linapoziba, maji hupanda hadi yapate tundu la chini kuliko yote. Likiwa ni mfuniko wa chemba ya barabarani, barabara inachafuka. Likiwa ni tundu la sakafu ya bafu lako, wewe ndiye chemba. Kwa hiyo linganisha sakafu ya bafu na mfuniko wa chemba ya shirika iliyo upande wa juu wa unakoungia. Sakafu ikiwa chini ya mfuniko huo, weka valvu ya kuzuia maji kurudi, ndani ya chemba inayofunguka, na uifungue kuisafisha kila miezi mitatu. Kitambaa kimoja kikiukwamisha ulimi wake, haizuii tena. Kinga ya ziada ni kuhakikisha tundu la nje la kupokea maji ya jikoni liko sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Likifurika, lifurikie uani.

Kazi yenyewe ina makosa yanayojirudia. La kwanza ni kuliacha septiki njiani, bomba la nyumba likiingia na lingine likitoka kwenda barabarani. Fundi anaokoa siku mbili za kuchimba, wewe unabaki na tangi linaloendelea kujaa tope na kuhitaji gari huku ukilipa asilimia 75. Tangi lirukwe kabisa. La pili ni kupeleka maji ya paa na ya uani kwenye bomba la maji taka, eti yasukume uchafu. Bomba halikupimwa kwa mvua ya Kampala. Maji ya mvua yana mifereji yake. La tatu ni kona ya digrii 90 iliyofukiwa bila chemba. Kila kona iwe na chemba, na ndani ya ardhi tumia elbo mbili za digrii 45 badala ya moja kali. Jikoni pawe na mtego wa mafuta kabla ya maji kuungana na ya choo, hasa kwa anayepika chapati au chipsi za kuuza.

Bomba lilale juu ya mchanga wa sentimita kumi, lisilale juu ya mawe. Lifukiwe kwa kina cha sentimita 60 bustanini na 90 panapopita gari. Pasipofikia hapo, lizungushiwe zege. Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji, ungoje nusu saa. Yakishuka, kuna kiungo kimevuja, na ni rahisi kukipata leo kuliko baada ya Pasaka.

Kwenye mizigo kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayelitatua. Choo cha shimo humeza gazeti, magunzi ya mahindi na pedi bila kulalamika. Bomba la milimita 110 halimezi. Na maji yakikatika siku nzima, wapangaji wakimwaga nusu kopo badala ya lita sita, kinyesi hukauka njiani. Mwenye vyumba anayejiunga bila kuweka pipa la taka kila chooni na tangi la akiba la maji, ananunua kazi ya kuzibua kila wiki. Hoja hii ya wanaopinga bomba ni ya kweli, hata kama wengine huitumia kukwepa gharama.

Septiki lililoachwa lisibaki tupu chini ya uwanja wa watoto. Linyonywe lote, lioshwe kwa maji, linyonywe tena. Sakafu itobolewe kwa nyundo ndefu au mtaimbo ukiwa umesimama nje. Asiingie mtu ndani, hata kwa dakika moja. Gesi iliyomo huua anayeingia na anayemfuata kumwokoa. Kisha mawe, halafu moramu, udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi juu. Kuligeuza kuwa tangi la maji ya mvua kunavutia kwenye makaratasi, lakini kuta zake zimenywa miaka ya uchafu, na maji yake hayafai hata kuoshea vyombo.

Na mwenye nyumba wa kilimani mwenye sababu zake za kusubiri, alipe fundi nusu siku sasa hivi: kwenye chemba ya mwisho kabla ya septiki aweke tii, kiungo cha njia tatu, iliyoelekezwa barabarani na kufungwa kifuniko, na kina chake kiandikwe kwenye ramani ya nyumba. Siku ardhi itakapokataa, kazi itaanzia hapo, na sakafu ya sebule haitaguswa.