Hapana, Sikukaliwa na Kulungu

Naona stori imeshanitangulia. Eti nimekaliwa na kulungu. Tulieni niwape yenyewe, maana huyo rafiki yangu anayeisambaza ameongeza chumvi akasahau nyama. Sikukaliwa na kulungu. Nilikaliwa na mti. Na mti wenyewe niliukata mimi.

Kile kipande changu cha msitu mnakijua, nimewachosha nacho. Miti imesongamana, juu majani tele, chini kweupe kama pamefagiwa. Kulungu wanapita tu kama abiria. Mwanzo nilikuwa nawamwagia mahindi, mpaka nikaelezwa kwamba mnyama anayecheua akibugia nafaka nyingi ghafla inamchachia tumboni, na anaweza kufa. Nikaacha siku hiyo hiyo. Nikasema basi, mwanga ushuke chini, machipukizi yaote yenyewe.

Ndipo nikajifunza ule mkato wa bawaba. Unachagua mti mwembamba usiouhitaji, unaukata usawa wa kifua, kama theluthi mbili ya shina, halafu unausukuma ulale. Sehemu iliyobaki na gome lake inaendelea kuulisha, kwa hiyo unalala ukiwa hai, na majani yanamfikia kulungu mdomoni. Nilisoma pia kwamba ni kazi ya hatari, shina linaweza kupasuka likakurukia, usifanye ukiwa peke yako. Hapo nilipasoma harakaharaka. (Msinianze.)

Mti wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Nikaanza na mluzi. Wa tatu ukainama kidogo, ukaegemea mwenzake, ukagoma. Mwenye akili angeuacha. Mimi nikaingia chini yake, nikadaka tawi, nikaning'inia.

Hapa naomba twende polepole. Kwanza nikasikia "kri". Nikafurahi. Halafu "kriiii". Nikafurahi zaidi. Halafu nikaona mbingu, viatu vyangu, mbingu tena, na nikajikuta chali ndani ya shimo la kisiki kilichooza, majani usoni kama bibi harusi. Shimo ndilo lililoniokoa, shina likapita juu yangu. Ila ile ovaroli niliyoinunua kubwa eti nipumue, upande mzima ulikuwa umebanwa matopeni. Nikavuta zipu nichomoke. Ikagoma kitovuni. Na ndani, jamani, sikuvaa kitu cha kusimulia. Msumeno uko hatua mbili. Simu imerukia majanini, siioni.

Jua likaanza kuzama, na huo ndio muda wao.

Akaja jike. Miezi mitatu nachungulia na darubini sijapata kumwona vizuri, leo yuko umbali wa mkono. Akanusa. Akavuta jani juu ya sikio langu. Sasa, kulungu hana meno ya mbele ya juu. Hakati, anabana anachana. Kwa hiyo kila tonge analovuta, tawi likiachiwa linarudi shavuni mwangu. Chrap, kofi. Chrap, kofi. Nikajikaza, machozi yananitoka, nusu ya maumivu na nusu, msicheke, ya furaha. Mradi umefaulu! Chakula kinaliwa! Nilihesabu makofi kumi na moja. La kumi na mbili alisita, akanitazama jichoni, anatafuna taratibu, kama shangazi anayesubiri umalize kudanganya.

Simu ikaita. Mlio wangu mnaujua, jogoo.

Kulungu akanipigia mkoromo mmoja wa hofu, mate na majani vyote usoni mwangu, akatoweka. Aliyepiga ni huyo huyo rafiki, alikuwa ameshafika, akafuata jogoo mpaka shimoni. Njiani akapishana na kulungu anachomoka pale nilipolala, basi, mengine akajitungia. Alipiga picha kwanza. Halafu akakaa chini, akacheka mpaka akaomba maji. Halafu ndiyo akaikata zipu. Nyumbani nilirudi nimejifunga koti lake, tukapita njia ya nyuma, na bado tukakutana na watu wanne.

Ovaroli iko kule kule chini ya mti. Jana nilienda kuchungulia: upande wangu wote wa majani umeliwa, ncha za matawi zimechanikachanika, mbichi kabisa. Mti wa nne sijaugusa, namsubiri mwenye koti.

Na wewe uliyeigeuza ile picha kuwa stika, nimeshakujua.