Hajakususa, Barua Imepotea

"Nilimwandikia, hakunijibu, nami nikaacha." Maneno hayo husikika sana Tanga, mji ambao koo nyingi zina mtu Muscat, Dubai au London. Yananiuma kila nikiyasikia, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyesusa. Kuna bahasha moja iliyopotea, na watu wawili wanaonuniana bila kosa.

Kinachoua urafiki wa barua ni kuandikiana kwa zamu. Mimi niandike, wewe ujibu, ndipo nami niandike tena. Inaonekana ni adabu, kumbe barua moja tu ikipotea mazungumzo yote yanasimama na hakuna wa kuyaanzisha upya. Barua ya kawaida haifuatiliwi, haina risiti, na ikipotea hakuna wa kukuarifu. Anayengoja hawezi kujua kama hakuandikiwa au aliandikiwa isifike. Mwanzoni humpa mwenzake udhuru. Baadaye huingiwa na hasira. Mwisho huona haya hata kuanza, na hapo ndipo watu waliokua pamoja Chumbageni hupotezana kabisa.

Basi zipeni barua zenu namba. Juu kulia, chini ya tarehe, andika: "Na. 7. Nimepokea yako Na. 5." Mwenzako akiwa na Na. 5 yako kisha akapokea Na. 7, anajua mara moja kwamba Na. 6 haikufika, wala hana haja ya kukudhania vibaya. Wewe nawe weka daftari dogo: namba, tarehe ya kutuma, habari kuu iliyomo, na picha kama ilikuwemo. Ukiambiwa haikufika, unairudia habari ile kwa mistari miwili katika barua inayofuata. Kisha andika kwa kalenda: kila wiki ya kwanza ya mwezi, tuseme, umejibiwa hujajibiwa. Barua zitapishana njiani, na zipishane tu, namba zitazipanga.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958. Miaka 27 haibebwi na hamu peke yake. Inataka utaratibu, na inataka mpokeaji anayezitunza.

Nakubali, msiba hautangazwi kwa posta, na mgonjwa anataka simu. Lakini "mambo, poa, wazima, haya" ya kwenye simu hayamwambii mtu chochote kuhusu mji wake. Mwambie nazi zinauzwaje Mgandini, samaki gani wanashushwa Deep Sea kusi ikivuma, nyumba ipi ya barabara ya 12 imebomolewa na nini kinajengwa mahali pake. Barua yaweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi, kwa hiyo andika yatakayokuwa bado kweli itakapofunguliwa. "Umepona mafua?" ni swali la simu. Na unapojibu, iweke barua yake mbele yako, umalize maswali yake kwanza ndipo uingie kwenye yako. Hakuna kinachokatisha tamaa kama kuuliza jambo mara tatu usijibiwe.

Uzito ni hesabu ndogo. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile inayoandikwa gramu 80, ina gramu 5. Daraja la kwanza la uzito wa barua za nje kwa kawaida huishia gramu 20, kwa hiyo karatasi tatu na bahasha nyepesi zinatosha humo. Ukitia picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo hukaribia gramu 4, punguza karatasi moja na uandike pande zote mbili. Kitu kigumu kama sarafu hupasua bahasha kwenye mashine za kupanga barua, na noti haziruhusiwi kabisa katika barua ya kawaida. Tumia bolipeni. Wino wa maji huchuruzika kwa unyevu wetu wa masika, na unyevu huo huo hufanya bahasha zenye gundi zijifunge zenyewe kabatini msipotenganisha gundi na karatasi kwa kipande cha plastiki.

Anwani ndiyo inayopoteza barua nyingi. "Ngamiani, barabara ya 12, nyumba ya kona" inamtosha bodaboda, haiitoshi posta. Ni kweli nyumba nyingi zilipata namba katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022, lakini mimi bado naamini zaidi S.L.P. Kama sanduku ni la shule au la ofisi, andika "kupitia kwa" na jina la mwenye sanduku, na hakikisheni limelipiwa mwaka huo, maana lisipolipiwa hufungwa. TANZANIA iwe mstari wa mwisho peke yake, kwa herufi kubwa, katika lugha ya nchi inakotoka barua. Kutoka Ujerumani ni TANSANIA. Kwa Oman kuna namba mbili, ya sanduku na ya msimbo wa posta wenye tarakimu tatu, na zote mbili ziandikwe.

Ukihama huko uliko, anwani mpya iandike ndani ya barua yenyewe, kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiiandika nyuma ya bahasha tu, wengi huchana bahasha na kuitupa kabla hawajasoma.